Blauzi ya Njano Mbele ya Bodi

Mliniacha nimechuchumaa kwenye sakafu ya chumba chetu, begi la mke wangu liko wazi mbele yangu, na mkononi nimeshika blauzi ya njano ambayo sikuishona mimi.

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mwanaume anayepekua begi la mkewe anastahili chochote atakachokikuta. Namshukuru. Asome mpaka mwisho, kisha aniandikie tena.

Kwa wanaoingia leo, habari ni hii. Mimi ni fundi cherehani. Mke wangu ni msusi, au alikuwa msusi mpaka miaka miwili iliyopita, siku ambayo mtaa mzima tulichanjwa katika ukumbi wa shule. Mimi niliumwa bega jioni, asubuhi nikaamka nikaenda kazini kama watu wengine wote. Yeye sindano yake ilichomwa juu mno, karibu na kiungo cha bega, na tangu hapo mkono wake wa kulia haupandi kupita kifua. Daktari alisema chanjo haikuwa na ubaya, ubaya ulikuwa mahali ilipochomwa. Mke wangu akadai fidia. Bodi ya fidia ikakataa, ikakataa tena, halafu ikamwita aje wakae wamalizane.

Kwa kuwa hawezi kuinua mkono, nikaanza kumshonea nguo zinazofunguka mbele, kutoka shingoni mpaka kwenye pindo. Kila asubuhi namfunga vifungo. Kila jioni namfungua. Ni miaka miwili sasa.

Na hapa niseme lile ambalo sikulisema wiki zote zilizopita. Nilikuwa nafurahi.

Zamani mke wangu alikuwa akisukia katika chumba kimoja na kinyozi, na wanaume waliokuja kunyolewa walikaa wakimtazama akiinua mikono juu ya vichwa vya wateja. Wivu ulinila mzimamzima. Nikamshonea magauni yenye mikono ya kubana, kuanzia begani mpaka kwenye kiganja, na vifungo viwili shingoni. Akaniuliza, "Sasa nitasukaje na mikono imebanwa hivi?" Nikamwambia atazoea. Kisha ikaja sindano, akarudi nyumbani, akawa wangu peke yangu. Mungu anisamehe, lakini wakati majirani wananipa pole, moyoni nilikuwa nimetulia kuliko wakati wowote wa ndoa yetu.

Turudi kwenye blauzi.

Ilikuwa ya dukani. Haina kifungo wala zipu. Shingo yake ya duara, ya kupitisha kichwa, na mikono mifupi iliyokaza kwapani. Ilikuwa imeviringishwa ndani ya taulo, chini kabisa ya begi analokwenda nalo kwenye mazoezi ya bega kila Jumanne na Ijumaa. Niliinusa. Ilikuwa imevaliwa, tena si mara moja.

Nguo ya namna hiyo huvaliwa kwa kuinua mikono yote miwili. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyowajaribisha wateja, mwaka wa kumi na tisa huu. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili. Ama mkono wa mke wangu umepona na anatudanganya sote, mimi, wakili wake na bodi nzima. Ama kuna mtu anayemvalisha.

Mume mwingine angesubiri mkewe arudi kutoka dukani amuulize. Mimi niliigeuza nguo ndani nje, nikaipeleka dirishani.

Kwapa la kushoto, mshono ulikuwa umevutika na nyuzi mbili zimeachia. Huo ni mkono unaopanda na kushuka. Kwapa la kulia, mshono ulikuwa mpya kabisa, kama uliotoka kwenye mashine asubuhi ile. Mkono huo haukuwa umepanda hata siku moja.

Basi mke wangu hakuwa mwongo. Nikashusha pumzi. Halafu pumzi ikanikwama katikati, maana lilikuwa limebaki lile jambo la pili.

Na mtu wa kumvalisha nilikuwa namjua. Ni yule kijana mtaalamu wa mazoezi ya viungo niliyempa jina la Kucha Safi, anayemshika mke wangu bega, kiwiko na kifundo cha mkono mara mbili kwa wiki kwa amri ya daktari. Kucha zake nimezichunguza. Mwanaume mwenye kucha safi kiasi kile ana nafasi ya mambo mengi.

Niliirudisha blauzi kwenye taulo kama nilivyoikuta. Jioni nikamsimamisha mke wangu nimpime koti la kuvaa siku ya bodi.

"Mbona unanipima tena?" akauliza. "Vipimo vyangu si unavyo?"

"Watu hubadilika."

"Nimenenepa?"

"Sijasema umenenepa."

"Basi umesema nini?"

Nikazungusha futi kifuani, nikakaza kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Yule kijana wako naye hukupima?"

"Kijana wangu nani?"

"Wa mazoezi."

"Hunipima. Ana kifaa cha kuangalia mkono umefika wapi." Akanigeukia. "Fundi, una nini wewe?"

"Sina kitu."

"Ungekuwa huna kitu usingenichoma na pini."

Nilitazama. Kweli, nilikuwa nimemchoma.

Jumatano wakili wake alinijia kwenye kibanda changu. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa maneno, na kwa kuwa humwita mke wangu dada, mimi huniita shemeji. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, faili mapajani.

"Shemeji, Jumatatu tunamaliza. Bodi inalipa bila kukubali kosa, dada anasaini kwamba hatadai tena. Kimebaki kitu kimoja, nacho ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Wewe ni shahidi wa nyumbani. Afisa wa bodi atakuuliza maswali haya hapa, nawe ujibu kwa ufupi. Tafadhali usijitie uanasheria."

Nikaichukua fomu. Mwombaji anaoga mwenyewe? Anachana nywele mwenyewe? Anaweza kubeba ndoo? Swali la nne lilikuwa hili: nani humvalisha mwombaji?

"Hili la nne," nikasema.

"Hilo ndilo rahisi kuliko yote. Si wewe?"

Nikatazama cherehani.

"Shemeji. Si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi sema hivyohivyo. Yule afisa ni mtu mgumu. Akinusa uongo hata mdogo, anafunga faili, na muda wa kudai upya ulishapita. Dada atabaki na mkono wake na karatasi zake. Unajua anataka kufanya nini akilipwa?"

Nilijua. Alikuwa amechora nyuma ya kadi yake ya kliniki: chumba chenye viti vinne na kioo kikubwa, wasichana wanasuka, yeye amekaa katikati anawafundisha kwa mdomo na kidole cha mkono wa kushoto. Miaka miwili hajazungumza habari ya kitu kingine kwa furaha ile. Katika mchoro ule mlango ulikuwa umeelekea barabarani, ambako kila mtu anapita. Niliuchukia mlango ule kuliko kitu chochote.

Ijumaa nikafunga kibanda mapema, nikamfuata mke wangu kliniki.

Kuna benchi la kijani kwenye korido, na mlango wa chumba cha mazoezi una kioo kilichopakwa rangi nyeupe. Mtu fulani, labda mwenye wivu kama mimi, alikwisha kukwangua rangi kwenye kona. Nikaweka jicho hapo.

Kucha Safi alikuwa ameishika ile blauzi mabegani, kama muuza nguo anayembembeleza mteja. Alisema kitu, na mke wangu akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kule saluni, kile cha kuanzia tumboni. Nyumbani kwangu sikuwa nimekisikia tangu siku ya chanjo.

Kisha pazia likavutwa. Sikuweza kuona nani alibaki upande gani.

Nilisimama pale sijui kwa muda gani. Mama mmoja mwenye bandeji alinisalimia, nikamwitikia kwa jina la mtu mwingine. Ndipo nikasikia sauti ya Kucha Safi.

"Safi sana. Sasa umwambie mumeo."

"Bado."

"Ni mumeo, dada. Ana haki ya kujua."

"Namjua kuliko wewe," mke wangu akasema. "Akijua kabla sijasaini, ataharibu kila kitu."

Damu ilinipanda kichwani. Niligeuka kuondoka na kwa jinsi nilivyokuwa sioni mbele nikafungua mlango usio wenyewe, nikajikuta stoo, katikati ya mafagio. Nikakaa humo mpaka alipopita. Humo ndani ndimo nilimoamua nitakachofanya Jumatatu.

Asubuhi ya Jumatatu nilimvika koti jipya. Vifungo saba. Nilivifunga kimoja kimoja, naye akanitazama usoni muda wote.

"Leo hupigi mluzi," akasema.

"Mluzi gani?"

"Si kitu. Twende tusichelewe."

Alipoingia chooni, nikaifungua taulo. Blauzi ikaingia kwenye mfuko wa ndani wa koti langu, upande wa moyo, na njia nzima niliisikia inaniwasha.

Chumba cha bodi kilikuwa ghorofa ya tatu. Meza ndefu yenye kioo juu, jagi la maji, viti vinne. Afisa alikuwa mtu wa makamo, mkavu, mwenye kalamu mbili mfukoni, ya bluu ya kuandikia na nyekundu ya kukatia. Alisoma makubaliano kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Wakili akaitikia. Mke wangu akaitikia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani.

"Shahidi wa nyumbani," afisa akasema, "mwombaji anaoga mwenyewe?"

"Nusu anaoga, nusu namsaidia."

"Anachana nywele mwenyewe?"

"Hapana. Namchana mimi."

"Anaweza kubeba ndoo?"

"Kwa kushoto tu."

Wakili alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. Mpaka hapo nilikuwa shahidi bora kuliko wote waliowahi kukaa kwenye kiti kile.

"Nani humvalisha mwombaji?"

Niliwahesabu wote mle ndani kwa macho. Mke wangu alikuwa analitazama jagi.

"Swali zuri hilo," nikasema. "Hata mimi nalitafutia jibu."

Wakili akafumba macho.

Nikatoa blauzi, nikaitandaza juu ya kioo cha meza. Njano yake ilikuwa kali kuliko nilivyoikumbuka.

"Nimeikuta kwenye begi lake. Mumuulize huyu, ni nani anamvalisha hii?"

Afisa aliinyanyua kwa vidole viwili, akaizungusha akitafuta vifungo.

"Hii ni ya kuvalia kichwani."

"Ndiyo, mzee."

"Inataka mikono ipande juu."

"Ndiyo."

"Na anaivaa?"

"Jumanne na Ijumaa."

Afisa akaiweka chini kalamu ya bluu, akachomoa nyekundu. "Basi mkono unapanda," akasema. "Wakili, naona tulikuwa tunapotezeana muda."

Hapo ndipo nilipozinduka. Kuanzia kwenye mafagio mpaka kwenye kiti kile nilikuwa nimeliona jambo moja tu, uso wa Kucha Safi siku ya aibu yake. Sikuwa nimeiona kalamu nyekundu. Sikuwa nimeviona viti vinne na kioo kikubwa vikifutika.

"Hapana, mzee, ngoja," nikasema. "Haupandi. Hebu tazama." Nikaigeuza nguo ndani nje, nikamsogezea mtumishi wa umma makwapa ya blauzi puani. "Huu mshono wa kushoto umevutika, unaona? Nyuzi zimeachia. Wa kulia mzima. Mkono wa kulia haujapanda hata mara moja ndani ya nguo hii. Naapa kwa kazi yangu."

"Bwana, wewe ni shahidi wa nani?"

"Wa mke wangu."

"Dakika moja iliyopita sikukuona hivyo."

"Nasema mkono ni mbovu kweli. Ila kuna mtu anamvalisha."

"Mtu gani?"

"Yule kijana wa mazoezi."

Nilimsikia mke wangu akivuta pumzi ndefu. Wakili alianza kusema kitu, mke wangu akamgusa goti, akanyamaza.

"Naomba hiyo nguo," mke wangu akasema. Alimwambia afisa. Mimi hakunitazama.

Akasimama. Kwa mkono wa kushoto akaanza kufungua lile koti nililomshonea, kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vilikuwa vifungo vilevile ninavyomfungulia mimi kila jioni kwa taratibu, tena kwa kujisifu. Vyote saba alivimaliza kabla sijajua nitazame wapi. Ndani alikuwa na fulana nyeupe isiyo na mikono, mabega yako nje, na mbele yetu kuna mwanaume mwingine. Nikanyanyuka kumfunika.

"Kaa chini," wakili akaniambia.

Nikakaa.

Mke wangu akailaza blauzi juu ya meza, mgongo wake juu. Akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauingiza kwenye mkono wa blauzi, akalivuta vazi mpaka likafika begani. Mkono wenyewe ulining'inia tu. Akainama, akapitisha kichwa. Kisha mkono wa kushoto ukapanda, ukaingia, ukatoka upande wa pili. Akalivuta pindo chini kiunoni. Ilimchukua muda wa kutunga uzi kwenye sindano, na kile kiganja cha kulia hakikupanda hata kufika kifuani.

"Mkono mbovu kwanza," akamwambia afisa, "halafu kichwa, halafu mkono mzima. Kuvua ni kinyume chake. Yule kijana alinielekeza kwa maneno akiwa nje ya pazia. Miezi mitatu nimejifunza."

Mwaka wa kumi na tisa nashona nguo, na siku zote namwanzia mteja kichwani. Haikunijia hata siku moja kwamba nguo inaweza kuanzia mkononi. Mtu yeyote asiye fundi angemuuliza tu mkewe.

Afisa alimwomba avue, akavua. Akamwomba avae tena, akavaa. Akamwomba ainue mkono wa kulia kadiri anavyoweza, na ulipofika kifuani uso wa mke wangu ukakunjamana, jasho likamtoka. Afisa akampa ishara aushushe.

"Inatosha," akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ya mtu. "Jeraha lipo. Ninachokata ni hiki kifungu cha mhudumu wa nyumbani, maana anajivalisha mwenyewe."

Akapiga mstari mwekundu. Mhudumu wa nyumbani alikuwa mimi.

"Hili halimo kwenye fomu," akaongeza, "lakini kwa nini hukumwambia mumeo?"

Mke wangu alikaa.

"Asubuhi akinifunga vifungo huwa anapiga mluzi," akasema. "Wimbo uleule, miaka miwili. Nikaona nikimwambia sihitaji tena kufungwa, atatafuta kitu cha kuvunja. Nikasema nisaini kwanza."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Ningemkuta Kucha Safi pale mlangoni ningemwomba radhi kwa magoti. Lakini wivu ni ugonjwa wa ajabu, wasomaji wangu. Hata katika dakika ile, kuna sehemu ya moyo wangu iliyoumia kwa sababu alimfanya yule kijana ajue jambo kabla yangu.

"Limebaki moja kabla ya sahihi," afisa akasema, akafunua ukurasa. "Maelezo ya muuguzi. Nasoma. Mkono wa gauni ulikuwa umebana mpaka kwenye kiganja, haukuweza kupandishwa. Nilifungua vifungo viwili vya shingoni, nikalishusha gauni kidogo, nikachoma pale palipoonekana." Akamtazama mke wangu. "Wewe uliandika gauni lile ulilinunua sokoni. Ndivyo?"

Nikaushika ukingo wa meza.

Maana nilikuwapo. Nilikuwa foleni ya pili, hatua sita kutoka kwenye kiti chake. Niliona muuguzi akilihangaikia gauni, niliona vile vifungo viwili vinafunguliwa. Nilichofanya ni kugeuza shingo nione ni wanaume gani wanatazama. Sindano ilipoingia, mimi nilikuwa nawahesabu wanaume.

"Ndivyo," mke wangu akajibu. "Nililinunua sokoni."

Alisema bila kusita, blauzi ya njano mwilini, baada ya yote niliyokuwa nimemfanyia ndani ya nusu saa. Alikuwa ameiandika hivyo tangu siku ya kwanza ya madai, nami sikuwa nimejua.

"Si kweli," nikasema.

Wakili akanigeukia kama mtu aliyechoka kupigwa. "Shemeji, nakuomba."

"Nililishona mimi. Nililibana makusudi, wanaume wasimwone mikono. Alilalamika, nikamwambia atazoea."

Afisa alilitazama koti lililotundikwa mgongoni mwa kiti, kisha akanitazama mimi.

"Kwa bodi haibadilishi kitu," akasema. "Muuguzi angemwambia avue. Nitaandika limeshonwa na mume." Akaandika kwa bluu.

"Ulijua?" nikamuuliza mke wangu.

"Nilijua nikiwa bado nimekaa kwenye kile kiti, sindano iko begani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Kila asubuhi ulipokuwa unanifunga vifungo nilisema moyoni, leo atasema. Umesema leo. Umemwambia afisa."

Nilitaka kumshika mkono. Ule wa kulia ulikuwa karibu nami, umelala juu ya kioo cha meza, nami nikaogopa kuugusa.

Afisa alisogeza karatasi ya mwisho mbele ya mke wangu, akamwonyesha pa kusaini. Akasaini kwa kushoto, herufi kubwa za mtu anayejifunza upya. Madai yalikuwa yamekwisha. Viti vinne vilikuwa vyake, kioo kilikuwa chake, na mlango unaoelekea barabarani.

"Nijaze tu huku juu tumalize," afisa akasema, kalamu iko tayari. "Barua zitumwe wapi, na hapa kwenye mwenzi wa mwombaji. Anaishi naye, au haishi naye. Nitie alama wapi?"

Lilikuwa swali ambalo mtaa wetu mzima ungelijibu kwa pamoja. Nikafungua mdomo.

"Hilo asilijibu yeye," mke wangu akasema. Alinyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, akaomba apewe kalamu ya bluu, na afisa akampa.